Moto wa Nyumbani Hautoshi Karai Lililojaa

Wengi wanaojaribu mapishi ya karai la Kichina nyumbani huishia na kabichi iliyolegea na nyama inayoogelea kwenye mchuzi wa kijivu, kisha lawama zote hulitupia karai. Hununua jingine, zito zaidi na la bei zaidi, na mchuzi ule unarudi palepale. Ninavyoona mimi, kasoro iko kwenye uwiano wa moto na maji. Jiko ulilo nalo ndilo linalopaswa kuamua ununue karai gani na utie chakula kiasi gani.

Tupige hesabu. Pleti kubwa ya jiko la gesi la nyumbani hutoa takriban kilowati 3, na karibu nusu ya joto hilo hupotelea pembeni. Kinacholifikia karai ni kama kilowati 1.5. Kilo moja ya mboga, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, inahitaji karibu kilojuli 300 ili itoke kwenye joto la chumba na kufika nyuzi 100. Kwa moto huo, hizo ni dakika 3 na zaidi. Baada ya hapo, kila gramu 40 za maji zinazotoka kwenye mboga hudai dakika nyingine nzima ili zikauke. Na maadamu maji yametuama chini, chakula hakivuki nyuzi 100, ilhali ule ukahawia unaoipa nyama harufu na ladha huanza kushika kasi karibu na nyuzi 140. Hapo unachemsha, hukaangi. Majiko ya migahawa ya Guangzhou na Hong Kong hufika kilowati 30 na kuzidi. Hata ikiingia theluthi tu, kilo ileile inapata moto ndani ya nusu dakika. Nyumbani, gramu 250 zitahitaji sekunde 50 hivi. Kiasi ndicho kitu pekee ambacho mpishi wa nyumbani anaweza kukibadili bila kununua chochote.

Hata hivyo, chombo nacho kina uzito wake. Kwa jiko la gesi ningechagua karai la chuma cha kaboni, la kipenyo cha sentimita 35 hivi, unene wa milimita 1.5 hadi 2, lenye kitako bapa. Kitako cha duara kilifaa majiko ya Kichina yenye tundu, ambamo karai huzama na miali ikalizunguka. Juu ya vyuma vya jiko la gesi linayumba, na kwenye jiko la umeme linagusa mahali padogo mno. Anayepikia mkaa ana bahati, kwani duara huzama kwenye mdomo wa jiko na kuyasogelea makaa. Kwake yeye, karai la chuma linalokaangia mandazi linatosha kabisa. Masikio yake mawili si upungufu, maana karai la Kikantoni nalo lina masikio mawili. Lenye utando wa teflon liache: utando huo huanza kuharibika ukivuka nyuzi 260, na karai tupu juu ya moto mkali hufika huko upesi. Chuma cha kaboni, ukikisugua vizuri, ukakipaka mafuta kiduchu na kukichoma hadi moshi ukome, hujijengea utando mweusi usioshika chakula. Usichemshie nyanya wala siki humo, zitauvua.

Yupo atakayesema kwamba bila kurusha chakula hewani ladha ya moshi haipatikani. Mwaka 2020, Hungtang Ko na David Hu wa Georgia Tech walichapisha uchunguzi wa wapishi wa wali wa kukaanga na kuona kwamba hurusha karibu mara 3 kwa sekunde. Kurusha huko huwezesha chakula kustahimili moto mkali bila kuungua. Moto wako hauna ukali huo, na kila unapoliinua karai unaliondolea joto dogo lililopo. Tumia mwiko, karai libaki motoni. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kikaango kipana na kizito hukausha nyama vizuri kuliko karai. Kwenye jiko la umeme nakubali bila ubishi. Lakini kwenye gesi, kuta za karai hukupa pa kusogezea kilichoiva wakati kibichi kinashuka katikati, na mafuta machache hukusanyika pale yanapohitajika.

Wapo pia wanaoona kupika kwa mafungu kunapoteza muda. Lakini fungu dogo huiva kwa dakika moja au mbili, na karai lililojaa hukuweka ukisubiri maji yakauke huku mboga zikilainika. Kwa hiyo osha mboga mapema na uzikaushe. Kata nyama nyembamba, kukatisha nyuzi zake, uifute maji kwa kitambaa. Pasha karai tupu hadi tone la maji likimbie humo kama shanga, ndipo utie mafuta, kisha nyama. Itandaze na usiiguse kwa nusu dakika. Sikiliza: mlio mkali ukishuka na kuwa mtokoto, umetia nyingi. Ipakue, pika mboga peke yake, mwishoni changanya vyote na umimine sosi ya soya pembezoni mwa karai. Ukipikia watu sita, gawa chakula mafungu manne na uache karai lipate moto upya kabla ya kila fungu.