Miguu Kwanza

Katika uwanja wa wazi wa mpira wa kikapu hapa Nyalenda, mpinzani wa kwanza ni upepo. Tangu asubuhi jua huipasha moto ardhi ya Kisumu, hewa hupanda, na kufikia alasiri ile ya baridi kutoka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, hupita ufuo wa Dunga na kuingia mitaani kuchukua nafasi yake. Hiyo ndiyo saa ya mazoezi. Kocha wa shule ya upili hana saa nyingine, maana mchana kutwa yeye ni mwalimu wa darasani, ana vipindi na madaftari ya kusahihisha, na kwa wengi wa aina yake kazi ya uwanjani haina mshahara wake.

Nimemtazama mmoja wao kwa muda mrefu, na heshima yangu kwake ilianzia kwa namna anavyoukabili upepo huo. Anawafundisha vijana kuutumia ubao. Pete ina upana wa sentimita 45 na mpira wenyewe karibu sentimita 24, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Mpira uliotupwa juu kutoka mbali, ukisukumwa kidogo tu na upepo wa ubavuni, hugonga chuma. Basi humsimamisha kijana pembeni, hatua chache kutoka kwenye kikapu, na kumwonyesha kona ya juu ya mraba uliochorwa ubaoni, ile iliyo upande wake. "Pete iache. Gusa kona." Wanarudia kulia, wanarudia kushoto, mpaka mlio wa ubao unakuwa ule ule kila mara. Wanaocheza ndani ya kumbi huiona mitupo hiyo kuwa ya kizamani. Mimi naona ni akili ya mtu anayejua anafundishia wapi.

Lakini kutupa huja baadaye. Wiki za kwanza mgeni hatupi kabisa. Kijana wa Nyalenda huja na miguu ya kandanda. Kisumu ni mji wa mashabiki wa Gor Mahia, na mpira wa miguu ameuanza kabla ya kujua kusoma. Akipokea pasi, mwili wote unataka kuendelea mbele, na hapo refa anapuliza kipenga: amezidisha hatua. Kocha hamgombezi. Anaanza kuifumua miguu hiyo polepole. Kipenga, wanakimbia, kipenga, wanasimama kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa. Hapa yeye husikiliza zaidi kuliko kutazama, hata mara nyingine huwapa mgongo. Viatu vikilia mara mbili kwenye saruji, anajua mguu mmoja umetangulia, na zoezi linaanza upya. "Simama kwanza, kijana. Ukishasimama ndipo ufikiri."

Hatua mbili za kwenda kufunga anazifundisha kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mchezaji anawekwa karibu kabisa na kikapu, anaruka kwa mguu wa kushoto na kuuweka mpira ubaoni kwa mkono wa kulia. Hilo likikaa, anarudishwa nyuma hatua moja. Kisha mbili. Mwisho kabisa ndipo anaruhusiwa kuja akidunda mpira kutoka nusu ya uwanja, na kwa wakati huo sehemu ngumu ya safari mwili unaijua tayari. Baada ya hapo yote yanarudiwa kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo subira ya mwalimu huonekana.

Subira hiyo ina kalenda yake. Kwa miaka mingi mpira wa kikapu umekuwa kwenye michezo ya muhula wa kwanza, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliripoti msimu ukiwa umeanza au u karibu kuanza, hivyo mwaka wake wa kwanza ulipita akifundishwa kusimama. Ilibaki misimu mitatu, kisha mtihani wa KCSE, kisha akaondoka. Kocha wa klabu hujenga timu. Kocha wa shule huivunja kila Novemba na kuanza tena na wasiojua kushika mpira. Sasa mtaala wa umilisi umeufupisha muda huo. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026, shule ya upili ya juu ni miaka mitatu, na KCSE ya mwisho ni ya 2027. Misimu mitatu inakuwa miwili. Sijui kazi nyingine ya mkono ambayo fundi wake hupunguziwa theluthi ya muda na bado akatarajiwa kutoa kitu kile kile.

Mchezo huu wenyewe ulibuniwa na mwalimu, James Naismith, mwaka 1891 huko Springfield, Marekani. Akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Kansas alishinda mechi 55 na kupoteza 60. Lakini mwanafunzi wake Phog Allen ndiye aliyekuja kuijenga Kansas kuwa jina kubwa. Hesabu ya ushindi haikuweza kuonyesha alichokuwa akifanya Naismith.

Nasi tuna mfano wetu. Februari 2021 huko Yaoundé, Tylor Ongwae alifunga mtupo wa mwisho dhidi ya Angola, 74 kwa 73, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Magazeti yalimsifu yeye na kocha Liz Mills, na walistahili. Ila kila mchezaji aliyekuwa uwanjani siku ile kuna mtu aliyemfundisha kusimama kwa miguu miwili, na mtu huyo hakuandikwa popote.

Mtaala mpya una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, lakini mkondo hauongezi muda. Ikiwa muda wa shule ya upili umepungua, basi miguu ifundishwe mapema. Kikapu cha watoto huwekwa mita 2.6 kutoka chini badala ya 3.05, na mpira wao ni namba 5. Mafundi wa soko la Kibuye wanaweza kuichomelea pete hiyo kwa siku moja. Wazazi, walimu wakuu na waheshimiwa wa wadi zetu mbili za Nyalenda, tuanze na pete moja katika kila shule ya msingi.