Kitalu cha Jiwe

Kwenye miteremko ya volkano ya Kilauea, Hawaii, upepo hufanya kazi ambayo mtu angeapa ni ya mikono ya binadamu. Lava inaporuka juu, upepo huidaka na kuivuta hadi iwe nyuzi za kioo, nyembamba, zenye rangi ya dhahabu, kisha huzirundika mabondeni. Wenyeji huziita nywele za Pele, mungu wao wa kike wa moto.

Mjini Roermond, kusini mwa Uholanzi, kazi hiyohiyo hufanywa kiwandani. Mwamba wa basalti huyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,500 na zaidi, na uji wake mwekundu humwagwa juu ya magurudumu yaendayo kasi. Hurushwa huku na huku ukapoa hewani, ukatoka umekuwa manyoya, mfano wa zile pamba za sukari wanazonunuliwa watoto siku ya sikukuu. Hiyo ndiyo sufu ya mawe. Kampuni ya Rockwool ya Denmark ilianza kuitengeneza Hedehusene mwaka 1937, ili nyumba za watu wa baridi zisipoteze joto. Mwaka 1969 ikazaliwa Grodan, tawi lake la kilimo, na ile sufu ya dari ikaingia bustanini. Tofauti ni moja tu, lakini kubwa: sufu ya nyumba hutengenezwa iyafukuze maji, ya bustani hutengenezwa iyakaribishe.

Kwa nini mkulima aache udongo aende kupanda kwenye jiwe? Jibu liko Westland, ile nchi ya mabanda ya kioo iliyo kusini-magharibi mwa jiji la The Hague, kando ya bahari. Huko nyanya zilikuwa zikifuatwa na nyanya, mwaka nenda mwaka rudi, hadi udongo ukajaa minyoo fundo na kuvu wa mnyauko. Dawa ilikuwa kuufukiza kwa mvuke, na mvuke unataka mafuta. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 kila mwenye banda alianza kupiga hesabu upya. Dawa nyingine ilikuwa gesi ya methili bromidi, sumu ambayo hakuna aliyependa kuisikia karibu na maji ya kunywa. Jiwe lililopita motoni halina mnyoo wala kuvu. Halina chakula pia, na hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Maana katika shamba la kawaida mkulima ana mshirika. Udongo humsitiri: akikosea mbolea, unaizuia; akisahau maji siku moja, unampa kidogo ulichoweka akiba. Sufu ya mawe haimsitiri mtu. Anachotia ndicho mche unachokipata, saa hiyohiyo, na asichotia haupati kabisa. Mwenye kusia mbegu humo amekubali kazi yote iwe yake.

Kazi inaanza kabla ya mbegu. Vizibo vya sufu, vile vidogo vya duara ambavyo vitalu vya Uholanzi huvipanga 240 katika trei moja, hulowekwa kwanza. Sufu mpya ina ualikali kidogo, kwa hiyo maji ya kuilowekea hutiwa uchachu hadi kipimo cha pH 5.5 au karibu yake, yakiwa na virutubisho vyepesi. Mwanagenzi huambiwa asivikamue vizibo, na ni vigumu kumtii anayemwambia hivyo, kwani kitu laini kilichojaa maji huushawishi mkono. Akikamua, nyuzi hulala, nafasi za hewa hufungika, wala hazirudi kama zilivyokuwa.

Hesabu ya hewa hiyo inashangaza. Katika kizibo kikavu jiwe lenyewe huchukua kama asilimia 3 tu ya nafasi. Kilichobaki ni uwazi. Mtu anashika kitu kinachoitwa jiwe, kumbe karibu chote ni hewa yenye kiunzi. Maji yakiingia huijaza sehemu kubwa ya uwazi huo, na swali la kila asubuhi kitaluni ni moja: hewa imebaki kiasi gani?

Anayetaka kulielewa swali hilo achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, kisha aishike imelala hadi iache kudondosha. Sasa aisimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa hakuna aliyeiongezea tone. Kitu kifupi hung'ang'ania maji sehemu yake ya chini kuliko kitu kirefu, na kizibo cha kuoteshea ni kifupi sana. Ndiyo sababu juu huonekana kikavu na chini kimefurika, ndiyo sababu pia anayeanza huua miche mingi kwa huruma. Anaona weupe, anamwagilia. Mzizi chini unakosa pumzi. Kimelea cha kinyausi, hasa kile cha Pythium kipendacho maji, kinakata shina pale linapogusa sufu, na mche mzima unalala kama uliokanyagwa. Waliozoea hawaangalii rangi. Huinua pembe ya trei kwa mkono mmoja, na uzito ndio unaowajibu. Kuna mizani siku hizi, kuna na vipimo vya umeme vya unyevu, lakini mkono bado hauachwi nyumbani.

Mbegu ya nyanya ni ndogo: gramu moja hubeba kama 300. Mashine huzivuta moja moja kwa pumzi na kuzidondosha kwenye vishimo, bila kujali ipi imelala kifudifudi na ipi chali. Haina haja ya kujali. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza jinsi alivyofunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito. Mizizi ilikimbilia nje ya gurudumu, machipukizi yakaelekea katikati, maana mbegu ziliihesabu nguvu ya mzunguko kuwa ndiyo uzito wa dunia. Leo inajulikana kwamba nchani mwa mzizi mna chembe za wanga zinazotua chini ndani ya seli, na kutua huko ndiko kunakouonyesha mzizi njia. Ukiuweka kichwa chini, utageuka.

Baada ya kusia, mbegu hufunikwa, na kinachofunika ni jiwe tena: vemikulaiti, madini yanayochimbwa kwa wingi Phalaborwa, Afrika Kusini, na ambayo yakipashwa moto mkali huumuka kama bisi. Kifuniko hicho hutunza unyevu na kuzuia ule ukungu wa kijani wa mwani. Lakini kina kazi nyingine ambayo mwandishi huyu anaiona ndiyo nzuri kuliko zote. Mche wa nyanya hutoka umepinda shingo, ukiburuta ganda la mbegu kichwani. Usipokuwa na cha kuusugua njiani, hufika juu bado umevaa ganda hilo kama kofia iliyobana, na majani ya kwanza hushindwa kufunguka. Uzito mdogo wa vemikulaiti huivua kofia chini kwa chini. Joto likiwa nyuzi 25 hivi, siku ya tano au ya saba trei nzima inakuwa kijani, bila kofia.

Mbegu ya bangi, ambayo ni kubwa zaidi, hufuata mwendo huohuo wa kupinda shingo na kuvua ganda. Tangu Kanada iliporuhusu bangi kisheria tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya nchi kumwachia mtu mzima miche isiyozidi minne kwa kila nyumba, vizibo hivi vya sufu vimetoka kwenye mabanda makubwa vikafika juu ya meza za jikoni. Makosa yamefika navyo, yaleyale: maji mengi na kukamua.

Sufu ya mawe ina lawama zake, na kuzificha si haki. Ikiwa kavu vumbi lake huwasha ngozi na koo. Inasemekana jaribio la awali la kutengeneza sufu ya jamii hii, huko Wales mwaka 1840, liliachwa kwa sababu nyuzi zilizokuwa zikipeperuka ziliwaumiza wafanyakazi. Mwaka 2001 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo haviwezi kuhukumiwa kama vinaleta saratani au la, hata hivyo glavu na barakoa bado ni busara. Tena haiozi. Uholanzi sufu iliyotumika hukusanywa, ikasagwa na kuingizwa katika kutengeneza matofali, lakini aliye mbali na kiwanda cha aina hiyo hubaki na rundo. Mshindani wake mkubwa ni chenga za makumbi ya nazi, ambazo nyingi hutoka India na Sri Lanka. Msomaji wa Pwani atatabasamu hapa. Wanawake wa Unguja wanaofukia makumbi kwenye tope la ufuo, wakayafukua baada ya miezi na kuyatwanga ili wapate usumba wa kamba, wanayajua mambo ya nyuzi na maji.

Turudi kwenye trei. Miche mingi ya nyanya ya Uholanzi hukatwa shina na kubandikwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi shupavu, kwa kibanio kidogo cha silikoni. Ikishaungana na kurefuka, huja siku ya kuihamishia kwenye matofali makubwa ya sufu, yenye upana wa sentimita 10. Mgeni akishuhudia atadhani mfanyakazi amechoka. Anachomoa kizibo, anakigeuza miguu juu, na kukishindilia tundu la tofali kikiwa hivyo, shina likiwa limepinda ndoano. Hii ni desturi ya baadhi ya vitalu: shina refu hufupishwa bila kukatwa, na ile sehemu iliyopinda ndani ya sufu nyevu hutoa mizizi mipya.

Jioni ya siku hiyo banda zima linaonekana kama limeinamisha vichwa. Kesho yake asubuhi, mfanyakazi anapopita na kuinua pembe ya tofali moja ili asikie uzito wake, ncha zote zimekwisha kugeuka na kuelekea kioo cha juu.