Rangi Mbichi, Vumbi la Mlolongo

Juu ya kaunta ya kibanda cha chai ninachopitia hapa Mlolongo kuna picha mbili za rangi ya mafuta, kila moja ndogo kama daftari la shule. Mchoraji ni mmoja na mahali ni pale pale: malori yamejipanga Mombasa Road, nyuma yake uwanda wa Athi.

Ya kwanza aliimaliza kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya mbichi. Wengi wetu mbinu hii tuliijulia kwa Bob Ross, yule wa afro, aliyekuwa akimaliza mlima na ziwa kwa nusu saa hivi kwenye TV ya Marekani kati ya 1983 na 1994. Rangi ya chini ikiwa haijakauka, kila kitu kinaingia kwa mwenzake, na hapo ndipo picha hii inanibamba. Vumbi la saa kumi na moja jioni halina ukingo. Lori la mwisho limeyeyuka ndani ya anga, huwezi kusema bodi inaishia wapi. Shida ni ardhi. Nyeupe ya anga imevutwa hadi chini, nyasi zikawa uji. Halafu, manze, ule mti wa kushoto! Ni msonobari wa Bob Ross kabisa. Mkono ukikimbia, unachora ulichozoea YouTube.

Ya pili ilichukua wiki kadhaa. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Inashikana polepole ikikutana na hewa, na tabaka la juu lazima liwe na mafuta zaidi ya la chini, la sivyo linaweza kupasuka. Basi alianza na kahawia nyepesi, inayokauka upesi, akangoja, akarudi kuangalia. Kurudi huko kumelipa: msonobari umekuwa mgunga, na katikati ya nyasi unaona ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Lakini anga limekufa, ni kama limepigwa pasi. Vumbi pekee lililobaki ni la kweli, chembe zilizonasa rangi ikingoja kukauka.

Mwenye kibanda anauza zote mbili. Ningebeba ya kwanza, na msonobari wake. Ila ninayoitaka hasa haijachorwa bado: ardhi kwa tabaka, iachwe ikauke, kisha anga lote jioni moja, pamoja na lile lori la mwisho.