"Msukosuko" na "Mvurugo": Uhakiki wa Istilahi za Mlango wa Mto

Waandishi wa sayansi kwa Kiswahili wamezoea kuuita mwendo wa maji usio na utaratibu "msukosuko". Neno ni zuri, lakini halitoshi. Asili yake ni kusukasuka, yaani kwenda huku na kurudi. Chombo kilichosukwasukwa na wimbi hurudi mahali pake wimbi likipita. Maji yaliyovurugwa hayarudi.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mlangoni mwa Rufiji maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hutanda juu ya maji ya chumvi. Mpaka wa matabaka hayo waweza kusukwasukwa na chumvi isipande. Ili yachanganyike, hapana budi tofauti ya mwendo baina ya tabaka na tabaka ishinde uzito unaoyatenga. Kipimo cha shindano hilo hubeba jina la Mwingereza Lewis Fry Richardson. Mwaka 1961 John Miles na Louis Howard walithibitisha kwa hesabu kwamba kipimo hicho kikizidi robo kila mahali katika mkondo, misukosuko midogo haiwezi kukua ikawa mvurugo.

Msomaji wa Tunduma yuko mbali na Rufiji, ila mfano anao karibu. Songwe, si ule uingiao Rukwa bali ule utengao Ileje na Malawi, humwaga maji yake Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Hapo hapana chumvi. Matabaka hufanywa na joto na tope. Maji ya masika yenye tope jingi huweza kuwa mazito kuliko maji ya juu ya ziwa, yakazama chini yake, kinyume cha Rufiji. Tena pepo huliinua ziwa hilo kwa mawimbi makubwa, na bado chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, kwani huchanganyika na ya juu kwa uchache mno. Msukosuko upo, mvurugo haufiki.

Basi mwalimu afundishaye kwamba penye msukosuko maji huchanganyika, afundisha jambo ambalo ziwa lenyewe lalikanusha. Huenda ikasemwa kwamba "mvurugo" lanuka fujo na ugomvi. Lakini "msukosuko" nalo lina maana ya taabu, wala halikukataliwa kwa sababu hiyo. Yafaa kila neno lipewe kazi yake: la kwanza mwendo urudio, la pili mwendo uchanganyao.