Meli Nyeupe, Daftari Tupu: Kuisoma Hukumu ya Llandovery Castle

Meli ya hospitali ni maandishi kabla ya kuwa chombo. Mkataba wa Kumi wa The Hague, wa mwaka 1907, uliagiza meli ya hospitali ya kijeshi ipakwe rangi nyeupe nje, izungushiwe mstari wa kijani wenye upana wa kama mita moja na nusu, na ipeperushe bendera ya msalaba mwekundu pamoja na ile ya taifa lake. Jina lake lipelekwe kwa adui kabla haijaanza kazi. Adui naye ana haki ya kuisimamisha na kuipekua. Masharti yote haya yanamlenga msomaji mmoja tu, yule aliyeshika silaha. Rangi hii haimlindi mtu kwa unene wake. Humlinda pale tu inaposomwa na kuheshimiwa.

Llandovery Castle ilijengwa Glasgow kwa ajili ya kampuni ya Union-Castle. Ilikamilika mwaka 1914, ikiwa na tani 11,423, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba abiria kati ya London na Afrika Mashariki. Mwaka 1916 ikageuzwa hospitali yenye vitanda 622, ikawahudumia majeruhi wa Kanada. Usiku wa tarehe 27 Juni 1918 ilikuwa ikirudi Liverpool kutoka Halifax, haina mgonjwa hata mmoja, ila watu 258 wakiwemo mabaharia, madaktari na wauguzi 14. Taa zake zilikuwa zinawaka. Kusini-magharibi mwa Ireland, nyambizi ya Kijerumani U-86 iliipiga kwa topido, nayo ikazama kwa muda wa dakika kumi hivi. Walionusurika ni 24, wote katika mashua moja.

Maandishi ya kwanza ninayoyasoma kuhusu mkasa huo ni picha. Bango la Kanada la mwaka huohuo, lililowahimiza raia wanunue hati za dhamana za vita, linamwonyesha mwanamume aliye majini, mkono mmoja umembeba muuguzi aliyekufa, mkono mwingine umeinua ngumi kuelekea nyambizi. Maneno yake yanaiweka Ujerumani upande mmoja na utu upande wa pili. Tazama jinsi umbo hili linavyofanya hesabu: watu 234 waliokufa wamekuwa mwili mmoja, na mwili huo ni wa mwanamke, na mwanamke huyo yumo mikononi mwa mwanamume. Uhai wote wa picha uko kwenye ngumi. Muuguzi amewekwa pale ili ngumi ipate sababu ya kuinuka.

Linganisha na maelezo ya Sajenti Arthur Knight, ambaye kabla ya kuokolewa na ile mashua ya manusura alikuwa katika mashua nyingine pamoja na wauguzi wote 14. Ushahidi wake unahusu kamba, mashoka na makasia. Mashua ilikuwa bado imefungwa kwenye meli. Mashoka yalivunjika katika kuzikata kamba. Makasia yalivunjika katika kuizuia mashua isigongwe ubavuni mwa meli. Metroni, Margaret Marjory Fraser, alimuuliza kama bado kuna tumaini, naye akamjibu kwamba hakuna. Kisha maji yakaivuta mashua na kuipindua, na wauguzi wote wakafa. Hakuna aliyekufa mikononi mwa mtu. Knight hatumii sifa nyingi, na hasira yake haionekani popote, lakini kasia linalovunjika katika sentensi zake linaonyesha jinsi watu hawa walivyofanya kazi hadi mwisho. Kwangu mimi bango linashindwa hapo: limewanyima wauguzi ile kazi yao ya mwisho.

Maandishi ya tatu ndiyo mazito kuliko yote, nayo ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Ujerumani mjini Leipzig, ya Julai 1921. Washtakiwa walikuwa maluteni wawili wa U-86, Ludwig Dithmar na John Boldt. Kamanda wao, Helmut Patzig, hakuwepo kizimbani. Ndiyo maana umbo la hukumu hii ni la ajabu: mtenda mkuu wa karibu kila tendo hayumo mahakamani. Patzig aliona, Patzig alishuku kwamba kuna marubani wa Kimarekani melini, Patzig aliamuru. Waliosimama mbele ya majaji wanaonekana pembeni mwa matendo ya mtu mwingine.

Hilo la kuona ndilo msingi. Majaji walithibitisha kwamba Patzig aliitambua meli kuwa ni ya hospitali. Rangi na taa zilisomwa sawasawa. Mahali pale palikuwa nje ya eneo ambalo hata amri za Ujerumani ziliruhusu meli za hospitali zishambuliwe. Baada ya kuizamisha, aliwahoji manusura na hakupata ushahidi wowote wa marubani. Ndipo mizinga ikaanza kuzifyatulia mashua gizani.

Ushahidi wa mizinga hiyo ulitoka wapi? Mabaharia wengi walikuwa ndani ya nyambizi. Walisikia milio, hawakuona kitu. Juu walibaki Patzig, maluteni wawili na mpiga mzinga Meissner, ambaye alikuwa ameshafariki kesi ilipoanza. Maluteni walikataa kusema, kwa kuwa walimwahidi kamanda wao kunyamaza. Basi majaji wakakisoma kile kilichokosekana. Patzig hakuandika tukio katika daftari la safari. Katika ramani ya bahari alichora njia ya uongo, ili U-86 isihusishwe na mahali pale. Ahadi ya kunyamaza, ramani iliyopotoshwa na ukurasa mtupu vikawa mashahidi watatu. Sijui hukumu nyingine inayofanya kazi hii ya usomaji kwa uangalifu kama huu, na ustahili wake hapa ni wa kweli: mtu aliyefuta maandishi alinaswa na ufutaji wenyewe.

Hatua iliyofuata ni ile inayokumbukwa na wanasheria hadi leo. Majaji walisema askari anayetii amri kwa kawaida haadhibiwi, lakini kinga hiyo humtoka akijua wazi kwamba amri ni uhalifu. Kuhusu kuwaua watu wasio na silaha waliovunjikiwa na meli, mahakama haikujificha nyuma ya wingi wa vifungu. Ilisema kanuni inayokataza jambo hilo ni rahisi na inajulikana na kila mtu.

Halafu lugha inalegea. Kosa halikuitwa mauaji ya kukusudia, kwa maelezo kwamba Patzig alitenda katika msisimko. Maluteni wakawa wasaidizi. Kukataa amri, mahakama ikasema, kungehitaji uthabiti wa hali ya juu, na hilo likawapunguzia adhabu hadi miaka minne kila mmoja. Lakini mtu anayepotosha ramani kwa utulivu baada ya tendo hafanani na mtu wa msisimko, na hukumu yenyewe ndiyo iliyotuonyesha ramani hiyo. Sehemu yake ya pili inaisaliti ya kwanza.

Boldt alitoroka gerezani Novemba 1921, na Dithmar Januari 1922. Patzig hakuadhibiwa kamwe. Wanaofundisha sheria za vita huanza na aya ile kuhusu amri. Nawaomba waanze na makasia ya Knight, wafuatishe daftari tupu la Patzig, ndipo waifikie aya hiyo.