Nguo ya Kuonyesha

Chini ya pampu ya petroli ya Land Rover 109 ya zamani kuna kikombe cha kioo. Ni kidogo, kimeshikwa na kitanzi cha waya na nati moja ya kukazwa kwa vidole, na katika injini nzima ndicho pekee kinachokuonyesha ndani bila ya kushika spana. Petroli ikifika humo hupunguza mbio. Mchanga unashuka, kutu ya tangi inashuka, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa yakiviringika kama shanga kila gari linapotikisika. Fundi wangu hapa Morogoro huinama, hukitupia jicho, kisha husema: "Haya umenunua kwenye chupa." Na kweli nimenunua kwenye chupa. Huko juu milimani petroli ya bodaboda huuzwa kando ya njia, na masika chupa haichagui kinachoingia.

Nimeanza na kikombe, lakini ninayetaka kumsifu ni fundi. Na siwezi kumsifu vizuri bila kusimulia kisa cha dirisha.

Kijana mmoja wa hapa mjini alinunua 109 ya miaka ya sabini kutoka kwa mstaafu, injini yake ileile ya petroli ya silinda nne, sisi 2,286, ambayo Land Rover walianza kuifunga mwaka 1958. Oktoba 2024 alikwenda Arusha kwenye tamasha la Land Rover, lile la kutaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, akarudi na maradhi. Huko, na zaidi kwenye simu yake, alikuwa ameona magari ya kale yaliyofungwa vipande vinavyoonyesha: vifuniko vya distribyuta vya plastiki angavu, vifuniko vya mkanda wa taimingi, tapeti kava zenye dirisha. Injini ya mtu inageuka kuwa kama tangi la samaki sebuleni. Basi akaichukua tapeti kava yake ya bati, akaikata tobo upande wa juu, akaenda kwa wachonga mabango wakampa kipande cha plastiki safi, akakibana kwa skrubu na kukizungushia silikoni. Kisha akalileta gari gereji ili tushangae.

"Shikamoo, Mzee. Njoo uone."

"Marahaba." Fundi akafuta mikono, akachungulia. "Mwanangu, umeivalisha injini nguo ya kuonyesha."

Tulicheka wote. Kijana hakukubali kushindwa, akajibu kwamba mficha uchi hazai. (Amezaliwa enzi za Mkapa, za Ukweli na Uwazi, huenda ndiko alikoutoa msimamo huo.)

"Kweli," fundi akasema. "Lakini hata anayezaa haiti mtaa mzima uje kutazama."

Nikiri hapa, nisije nikaonekana mwenye hekima kuliko nilivyokuwa: nilipendezwa. Gari lilipowashwa, roka nane zilianza kuinuka na kushuka chini ya ile plastiki, moja baada ya nyingine, na mji huu uliomlea Mbaraka Mwinshehe unajua kutazama vidole vinavyocheza juu ya nyuzi. Nilisimama pale dakika kumi nzima. Dakika ya kumi na moja dirisha lilikuwa limeshapakwa mafuta kwa ndani, kahawia, kama kioo cha duka la chipsi. Injini hurusha oili humo ndani, ndiyo kazi yake. Hakuna aliyewahi kubuni waipa ya tapeti kava.

Jumamosi iliyofuata kijana alipandisha Mgeta. Njia hiyo, kwa wasioijua, huiacha lami ya Mzumbe na kuanza kuukwea mlima kwa kona zinazokunjana, gari likiwa gia ya pili, mara ya kwanza, jua la tambarare bado liko ndani ya boneti na ukungu wa Uluguru bado hujaufikia. Hapo ndipo oili hupata moto hasa. Plastiki ya mabango, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Perspex, huanza kulegea ikikaribia joto la maji yanayochemka. Ilipinda katikati, silikoni ikaachia, oili ikamwagikia bomba la moshi. Hakukuwaka moto, lakini moshi ulikuwa wa kutosha kuwashusha abiria wote kabla ya kufika Nyandira. Kijana alirudi mjini usiku, amekaa juu ya magunia ya kabichi.

Zipo plastiki ngumu zaidi. Polikaboneti hustahimili joto kuliko Perspex, ila petroli na vimiminika vingine vya gereji huitafuna taratibu mpaka ifanye nyufa ndogondogo kama za chungu kibovu. Mipira angavu ya petroli, inayouzwa kwa bei ya kutupa, hukauka na kupasuka karibu na injini. Wa mjini kwetu sihitaji kumweleza maana yake. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lililoanguka liliwaka moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Tangu siku hiyo sijamsikia fundi wa Morogoro akitania kuhusu petroli.

Tamaa ya kuona ndani si ya kijana wetu peke yake. Mwaka 1939 General Motors walipeleka kwenye maonyesho ya dunia ya New York gari aina ya Pontiac lenye bodi ya Plexiglas, watu wakapanga foleni kutazama matumbo ya milango. Injini waliiacha ya chuma. Na mwaka 1961 mtafiti wao aliyeitwa Bowditch alieleza injini ya maabara yenye dirisha la kwatsi kwenye pistoni, ili moto uonekane ukiwaka. Hiyo ilikuwa ya kujifunzia. Haikutengenezwa ili ibebe njegere.

Kuna kimoja tu katika vitu hivi ambacho ningekinunua mwenyewe. Waingereza wanakiita Colortune, cha kampuni ya Gunson: plagi iliyotengenezwa kwa kioo. Unaifunga mahali pa plagi ya kawaida, unaliacha gari lingurume taratibu kivulini, unachungulia. Petroli ikiwa nyingi, moto ni wa manjano. Mchanganyiko ukikaa sawa unakuwa wa bluu kama jiko la gesi. Petroli ikipungua mno, moto unafifia na kuwa mweupe. Unageuza skrubu ya kabureta hadi bluu itulie, kisha unakichomoa na kukirudisha kwenye boksi lake. Kioo hicho kina adabu. Kinaingia kikiwa na swali, kinatoka na jibu.

Nilimwonyesha fundi picha yake. Akaitazama kwa heshima, akachomoa plagi ya pikipiki iliyokuwa pale, akaninyooshea. Kauri yake ilikuwa ya kahawia, rangi ya udongo mkavu. "Hii imechoma vizuri," akasema. Ingekuwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Ingekuwa nyeupe kama chokaa, ni kidogo na injini inaungua. Moto umeshapita, lakini umeacha saini yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachotaka kusema juu ya ufundi huu. Tunadhani chuma ni ukuta na fundi amekwama nje yake kama sisi. Sivyo. Mtazame anapoletewa gari linalogonga. Kwanza hagusi kitu. Anasimama mbavuni mwa gari, kichwa amekiinamisha, anasikiliza kama mtu anayesubiri simu iongee. Kisha anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na anaanza kutembea juu ya injini: pampu ya maji, kifuniko cha cheni ya taimingi, tapeti, ubavu wa bloku. Beringi ya pampu ya maji ikichoka hulia kama kokoto zinazosagwa. Tapeti iliyolegea hugonga kavu, mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Beringi ya konirodi hugonga nzito, toka chini, na hapo fundi huchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine; akifika kwenye silinda yenye ugonjwa mlio unapungua, kwa sababu moto haupigi tena juu ya pistoni ile. Hajafungua nati hata moja, na ameshakwambia ulipe shilingi ngapi.

Sasa lirudishe lile dirisha la kijana. Nafasi ya tapeti katika injini hiyo ni inchi 0.010, yaani kama robo milimita. Ikizidi kidogo, roka bado zitainuka na kushuka mbele ya macho yako kwa uzuri uleule, na hutaona tofauti. Sikio litaiona. Nimeandika "litaiona" kwa makusudi, maana Kiswahili cha gereji hakitofautishi sana: fundi husema "hebu nione" akiwa amefumba macho.

Gereji yenyewe iko chini ya mwembe, haina kibao, na kwa lugha ya manispaa ni gereji bubu. Jina hilo hunichekesha kila nikilisoma kwenye magazeti. Sijawahi kukaa mahali ambapo watu husikiliza kiasi hicho.

Na pua je? Wakati ule uchakachuaji ulipokithiri, mpaka EWURA ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, wafanyabiashara wabaya walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli. Kikombe changu cha kioo, nilichokisifu mwanzoni, kilishindwa kabisa. Mafuta ya taa hayajitengi na petroli kama maji. Yanayeyukana nayo, na kikombe kinang'aa kama kawaida huku gari likikohoa. Fundi alichovya kidole, akakipuliza, akanusa. Petroli safi hukauka upesi na kukiacha kidole baridi. Ile ilibaki na utelezi. Alinipa kidole chake ninuse na mimi, na tangu siku hiyo najua harufu ile, ingawa sina uhakika kama ningeijua pasipo yeye kusimama pembeni.

Wengi wa mafundi wa umri wake walijifunzia mikononi mwa mwingine, miaka ya themanini mwanzoni, nchi ilipokuwa haina fedha za kigeni na spea haipatikani hata Gerezani, Dar es Salaam. Hukuweza kujaribu kwa kubadilisha, kwa sababu hapakuwa na cha kubadilishia. Ilibidi ujue kwanza. Leo kijana anayetoka VETA Kihonda anajua vitu ambavyo fundi wangu hatavijua kamwe, sensa na kompyuta za magari ya sasa, na hilo ni jema. Ila 109 haina kompyuta ya kuiuliza.

Kwa hiyo kama unaniuliza: vipande vya kuonyesha vinafaa kwa gari la maonyesho linaloshushwa kwenye lori, likawashwa dakika kumi, likazimwa. Gari linalopanda Uluguru havilifai. Kikombe cha kioo kinafaa, ukikumbuka kubadilisha gasketi yake kabla haijakauka na kuanza kuvuta upepo, maana wenye kukisifu, nami nikiwemo, husahau kuitaja kasoro hiyo.

Tapeti kava ya kijana imechomelewa kiraka cha bati na kupakwa rangi. Ile plastiki, iliyopinda, fundi anaitumia kufunikia daftari la wadaiwa mvua isilifikie. Jumamosi iliyopita niliinama mwenyewe chini ya boneti nikatazama kikombe changu. Kilikuwa na maji kidogo.