Heshima ya Tarakimu ya Mwisho

Kila kipimo cha kisayansi, hata kikichukuliwa kwa chombo bora kiasi gani, hukoma mahali fulani, na ufundi wa mpimaji hudhihirika zaidi pale anapokomea. Anayeandika kwamba gesi ina uzito wa gramu 2.3 na anayeandika gramu 2.300 hawajasema jambo moja, ijapokuwa katika hesabu za kawaida sifuri zile mbili hazibadilishi kitu, kwa maana wa pili anadai kwamba ameuchunguza uzito huo hadi sehemu ya elfu ya gramu. Tarakimu ambazo mpimaji ana haki ya kuziandika, yaani zile za hakika pamoja na ile moja ya mwisho aliyoikadiria, huitwa tarakimu zenye maana. Na upana wa eneo ambamo thamani ya kweli inaaminika kuwamo huitwa shaka ya kipimo. Mwanafunzi anayepima kwa rula kisha akanakili tarakimu zote nane za kikokotoo ametoa ushahidi wa jambo asiloliona, na mwalimu anayemsahihisha hamsumbui bali anamfundisha uaminifu.

Hata hivyo, kanuni za kukadiria tarakimu zinazofundishwa shuleni ni adabu ya nje tu ya ufundi huu. Kiini chake ni kuijua shaka yako ina ukubwa gani, na pengine hakuna aliyekionyesha kiini hicho vizuri kuliko Mwingereza John William Strutt, ajulikanaye kama Lord Rayleigh, ambaye katika miaka ya 1880 alianza kupima densiti za gesi, yaani uzito wa gesi katika ujazo fulani. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: tufe la kioo lilitolewa hewa yote na kupimwa, kisha likajazwa gesi na kupimwa tena. Kwa kuwa hewa ya chumbani nayo huliinua tufe kidogo, na hubadilika kila siku pamoja na joto na unyevu, upande wa pili wa mizani kulitundikwa tufe jingine lenye ujazo unaokaribiana nalo, ili athari hiyo ifutike pande zote mbili. Rayleigh alitambua pia kwamba tufe tupu hubanwa na hewa ya nje hata likapungua ujazo kidogo sana, naye akaisahihisha hesabu yake kwa ajili ya upungufu huo, ambao jicho lisingeuona kamwe.

Alipofika kwenye nitrojeni aliipata kwa njia mbili. Kwanza alitumia amonia, ambayo haidrojeni yake iliunguzwa na oksijeni ya hewa, ikabaki nitrojeni. Kisha akaondoa oksijeni katika hewa kwa shaba iliyopashwa moto, bila amonia. Majibu yalitofautiana kwa takriban sehemu moja katika elfu. Mpimaji mwingine angechukua wastani wa majibu hayo na kuendelea na kazi, lakini wastani hupunguza makosa yanayotawanyika huku na huko tu. Haufuti kosa linaloegemea upande mmoja daima. Rayleigh alifanya kinyume, akaikuza tofauti badala ya kuificha: alipotumia oksijeni safi mahali pa hewa, ili nitrojeni yote itoke kwenye amonia, tofauti iliongezeka hadi kufikia takriban sehemu moja katika mia mbili.

Sasa tufe lilibeba gramu 2.310 za nitrojeni ya hewa, na gramu 2.299 hivi za nitrojeni iliyotokana na kemikali. Miligramu kumi na moja ni kitu kidogo mno, ila vipimo vya nitrojeni ya hewa, ijapokuwa gesi hiyo ilisafishwa kwa njia mbalimbali, vilipishana kwa sehemu ndogo tu ya miligramu moja, na kwa hiyo pengo lile lilikuwa pana mara nyingi kuliko shaka yenyewe. Kama shaka yake ingekuwa asilimia moja, majibu hayo mawili yangeonekana kuwa sawa, naye asingekuwa na sababu ya kuuliza lolote. Aliihifadhi gesi iliyotokana na kemikali kwa miezi minane kuona kama ingebadilika, lakini haikubadilika.

Mwanasayansi Henry Cavendish alikuwa amekikaribia chanzo cha tofauti hiyo mwaka 1785, alipopitisha cheche za umeme katika hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka karibu nitrojeni yote ikafyonzwa, akabakiwa na kiputo ambacho alikiandika kuwa si zaidi ya sehemu moja katika 120. Hakukipuuza wala hakukiita sifuri, na zaidi ya karne moja baadaye maandishi yake yaliwafaa waliofuata. Mwaka 1894 mkemia William Ramsay aliipitisha nitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu yenye moto mkali, ambayo huifyonza, akapata mabaki ya gesi mpya nzito isiyoungana na kitu chochote, iliyoitwa argoni. Gesi hiyo ni karibu asilimia 0.93 ya hewa kavu, mara nyingi zaidi ya kaboni dioksidi, na ilikuwa imevutwa na kila pafu tangu awali bila kujulikana. Mwaka 1904 Rayleigh alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa uchunguzi wake wa densiti za gesi na ugunduzi wa argoni, na mwaka huohuo Ramsay akapewa ile ya kemia.